Mazishi ya Jenerali Mbaluka

Musembi hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana huko mbele litasahaulika. Alilipa kodi ya nyumba kwa wakati, aliwapisha wazee kwenye foleni, na mama yake kule mji wa Wote alimtaja kanisani bila aibu. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ukiivuta yote ilifika mita tano: tepu ya chuma ya kupimia.

Tepu hiyo aliipata kazini. Kampuni moja ya bima pale mjini ilimwajiri kupima magari yaliyogongwa. Mtu analeta gari limebonyea ubavu, macho yamemwiva, Musembi anavuta tepu na kumweleza kwamba kilio chake kimezidi kwa sentimita mbili. Kazi kama hiyo humharibu mtu polepole, kama sukari inavyoharibu meno.

Kila Jumamosi mchana alifunga ofisi na kuteremka River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Hapo rafiki yake Omollo alikuwa na karakana ya kuchapisha mabango. Nyuma ya mashine kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza hiyo kulikuwa na vita.

Vita kweli, usicheke. Askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, kila mtu na jeshi lake, milima ya katoni, mto wa karatasi ya bluu. Unarusha dadu, unapima askari wako ametembea umbali gani na bunduki yake imefika wapi, mwenzako anaokota maiti. Uwanja wenyewe ulikuwa mgongo wa bango la mheshimiwa mmoja aliyeshindwa uchaguzi na asirudi kulichukua. Ukiligeuza, bado unamkuta akitabasamu na kuahidi maji. Omollo alisema hakuna ubaya, huyo ndiye mwanasiasa wa kwanza aliyewahi kuwa chini ya wananchi.

Walikuwa wanne. Mbali na Musembi na Omollo, alikuwepo Nasimiyu, mwenye saluni Kangemi, ambaye aliwapaka askari wake rangi ya kucha, likawa jeshi pekee duniani linalokwenda vitani liking'aa kama wapambe wa bibi harusi. Wa nne alikuwa Lenox, mrefu, mpole, aliyekaa kwa shangazi yake Kitisuru. Lenox alikuwa amepoteza kila vita alivyowahi kupigana bila kupoteza hamu ya kula.

Sasa, hawa walikuwa na desturi yao. Aliyeileta ni Omollo, mtu wa Siaya, ambako maziko si jambo la kufanywa kwa kunong'ona.

"Kwetu hata mwizi wa kuku akifa lazima asemwe vizuri," aliwaambia siku ya kwanza. "Tunasema marehemu alipenda ndege."

Basi ikawa hivi. Jenerali wa mtu akiuawa, vita vimekwisha. Anaondolewa uwanjani na kulazwa kwenye kisanduku cha kiberiti, ambacho ndicho jeneza lake. Aliyeshindwa anakalishwa kiti cha mfiwa, anapewa pole na kikombe cha kwanza cha chai. Na yule aliyeshinda, muuaji mwenyewe, ndiye anayesimama kusoma wasifu wa marehemu. Ni lazima amsifu. Mfiwa naye hafungui mdomo mpaka jeneza lifungwe. Jumamosi inayofuata marehemu anafufuka, vita vinaendelea.

Ilikuwa dawa nzuri. Si rahisi kununa na mtu aliyetoka kuisifia maiti yako. Kila mmoja alikuwa na jeneza lake. La Nasimiyu lilibandikwa vito vya kucha. La Lenox lilikuwa limechakaa kwa matumizi hata likawa na gundi kila upande.

Musembi hakuwa na jeneza. La nini? Jenerali wake, Mbaluka, shupavu mwenye bendera mkononi, hakuwahi kufa. Na si kwamba hakuwahi kupigwa. Akipigwa tu, Musembi anatoa tepu, kisha anatoa simu, maana kila zamu alikuwa ameipiga picha.

"Fungueni seva," anasema, kama mwanasiasa anayepinga matokeo ya kura. "Fungueni seva tuone. Hapa Mbaluka yuko nyuma ya ukuta. Kofia ndiyo imetokeza. Kofia si mtu."

Wanabishana mpaka chai inaota ngozi juu. Mwishowe wanachoka, Mbaluka anabaki hai, na baada ya dakika chache anaua jenerali wa mtu. Kisha Musembi anasimama kusoma wasifu.

"Marehemu amefariki kwa uzembe," anasema. "Alisimama sentimita tatu nje ya ukuta, jambo ambalo mtoto wa chekechea angeliona. Ameacha jeshi lisilo na kazi. Hakuna fidia itakayolipwa." Halafu anaketi na kuuliza chapati ziko wapi.

Walimpa jina Sentimita. Alidhani ni sifa.

*

Mwanzo wa mwaka huu Jumamosi zikaanza kupotea. Mara Nasimiyu ana bibi harusi wa kusuka. Mara Omollo ana mabango ya krusedi. Mara Lenox ana jino. Musembi, mtu ambaye kazini hunusa uongo wa mteja kabla hajazima gari, hakunusa kitu. Alimtumia Lenox ujumbe wa kumshauri asukutue kwa maji ya chumvi.

Siku moja katikati ya wiki alipita River Road kuchukua kadi za ofisi. Omollo alikuwa ameshuka chini kubishana na mwenye duka la mabomba. Simu yake ilikuwa juu ya mashine, ikawaka. Musembi hakukusudia kusoma. Lakini simu ikiwaka mbele yako, macho nayo yana miguu.

Lilikuwa kundi la WhatsApp. Jina lake: *Vita Bila Sentimita*.

Lenox ndiye aliyekuwa ametuma. Ilikuwa picha ya meza kubwa ya mbao, jenerali wake kwenye jeneza la gundi, na maneno chini: "Asante Nasimiyu kwa wasifu. Nimelia kidogo. Jino liko sawa."

Ningependa kusema kwamba Musembi aliumia hapo hapo. Hapana. Kwanza aliivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaitazama vizuri na kujisemea, "Lakini huyu hajafa. Amepigwa kupitia ukuta." Maumivu yalifika baadaye kidogo, kama mgeni aliyekosa njia, na yalipofika yalikaa.

Omollo alipanda ngazi akamkuta amesimama na ile simu.

"Sentimita ni nani?" Musembi aliuliza.

Omollo akatazama simu, akatazama dari. "Ni kipimo, buda."

"Omollo."

"Sawa." Omollo akavuta stuli. "Sikiza. Wewe ni beste yangu. Gari yako ikizima Limuru saa hii nakuja na kamba. Lakini kucheza na wewe, maze, ni kama kufanya mtihani na mwalimu amesimama nyuma yako anapumua."

"Mimi nafuata tu sheria."

"Hata karao wa trafiki husema hivyo."

Musembi alikuwa anawaza jambo moja: Nairobi nzima, hajui watu wengine wa kucheza nao. Aliwahi kumweleza mwenzake ofisini, Jamleck, habari za vita hivi kwa nusu saa, na Jamleck akasikiza kwa makini, kisha akauliza mkeka wa kubeti unawekwa wapi. Mwanamume mwenye adui ni jenerali. Mwanamume asiye na adui, aliye na askari wa plastiki mia moja kabatini, hiyo ni kesi nyingine.

"Nirudisheni," alisema mwishowe.

Omollo akampigia Nasimiyu, akaweka sauti nje. Nyuma ya sauti ya Nasimiyu mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma.

"Ameona grupu," Omollo alisema.

"Uui. Ameona jina?"

"Ameona jina."

"Basi tumepunguza kazi," Nasimiyu alisema. "Musembi, unanisikia? Kuja Jumamosi Kitisuru, kwa kina Lenox. Ucheze na yeye, moja tu. Hatutaangalia nani ameshinda. Tutaangalia kama mtu anaweza kukaa na wewe kwa meza moja na arudi nyumbani akiwa na amani. Ukiweza, nakurudisha. Ukishindwa, uendelee na magari yako. Sasa niachieni, kuna kichwa cha mtu hapa kinaiva."

*

Mtu mwingine angeenda nyumbani akajihoji moyo. Musembi alienda nyumbani akatengeneza mkakati.

Alipiga hesabu zake akaona jibu: ashindwe. Lakini asishindwe hivi hivi kama Lenox. Yeye angeshindwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kushindwa. Angeshindwa kwa kiwango ambacho Omollo na Nasimiyu wangetazamana na kusema, huyu anatushinda sote kwa kushindwa.

Wiki nzima alifanya mazoezi. Chooni ofisini alisimama mbele ya kioo akijaribu tabasamu la mfiwa. La kwanza lilifanana na la yule mheshimiwa wa kwenye bango. La pili lilikuwa na meno mengi. Alirudia "hongera, umecheza vizuri, kweli umecheza vizuri" mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jumamosi ikafika. Kitisuru ni mahali ambapo ua wa nyumba moja ungetosha mtaa, na kimya chake ni cha namna ambayo hata mbwa hubweka kwa zamu. Shangazi alikuwa ameenda semina ya akina mama wa kanisa, akaacha meza yake ya kulia chakula, meza ambayo River Road ingekuwa ukumbi. Uwanja ulikuwa umetandikwa tayari. Omollo na Nasimiyu walikuwa wameketi pembeni na chupa ya chai, kama majaji wa tamasha la muziki.

Musembi alisalimu kila mtu mara mbili. Tepu ilikuwa mfukoni. Ya tahadhari tu.

Vita vikaanza. Musembi akamchukua Jenerali Mbaluka, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma ya kuta mbili na kikosi cha walinzi, akamweka juu ya kilima, peke yake, bendera juu, kama mtu anayengoja bodaboda.

Lenox akatazama kilima. Akainama, akatazama nyuma ya kilima.

"Huo ni mtego," alisema.

"Si mtego."

"Nasimiyu, huo si mtego kweli?"

"Mimi ni mtazamaji," Nasimiyu alisema.

Lenox akarudisha jeshi lake lote nyuma ya msitu wa katoni. Musembi akamteremsha Mbaluka, akamsogeza mbele zaidi, kifua wazi. Lenox akarudi nyuma tena. Ukiwatazama ungedhani mmoja anadai na mwingine anadaiwa.

Lakini sheria zao zinasema adui akiwa umbali wa kiganja, lazima urushe dadu. Na dadu, zile zile ambazo zilimnyima Musembi sita siku alizoziomba karibu kwa magoti, siku hiyo hazikutaka kujua namba nyingine. Sita. Sita. Sita. Askari wa Lenox walianguka kama mahindi.

"Pole," Musembi alisema. "Pole sana. Huyu naye, pole. Umecheza vizuri lakini."

"Sijacheza," Lenox alisema. "Nimekimbia tu."

"Umekimbia vizuri."

"Aki huyu anaua watu akiwaombea," Omollo alimnong'oneza Nasimiyu, na chai ikamwingia Nasimiyu puani.

Mwishowe Lenox alibaki na jenerali wake na mpiga bunduki mmoja, kwenye pembe ya meza, hakuna pa kukimbilia isipokuwa sakafuni. Mbele yao alisimama Mbaluka, wazi kabisa.

"Piga," Musembi alisema.

"Sipigi."

"Lenox, ni zamu yako. Jenerali wangu yuko hapo. Mpige."

"Sitaki." Lenox alikuwa anajikuna shingo. "Nikishinda itabidi nisome wasifu."

"Sasa?"

"Sijawahi. Mimi kusimama mbele ya watu niongee siwezi. Kushindwa nimezoea. Unakaa, unapewa chai, watu wanakupa pole. Kushindwa hakuna presha."

Musembi akashusha pumzi. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Katika mkakati wake wote hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyefika kwenye kushindwa kabla yake na akawa ameshakaa.

"Na hata hivyo," Lenox aliongeza, akidhani amepata mlango, "bunduki haifiki. Ni mbali."

Hapo ndipo kitu kilipokatika.

"Inafika," Musembi alisema.

"Haifiki."

"Bunduki hiyo inapiga sentimita thelathini." Tepu ilikuwa tayari nje, imevutwa juu ya meza ya shangazi. "Ona. Ishirini na tisa na nusu."

"Umepimia kwa bendera."

"Bendera ni sehemu ya mtu."

"Ulisema kofia si mtu," Lenox alisema kwa upole.

"Kofia ni kofia, bendera ni mkono wake, mkono ni mwili! Fungueni seva. Nina picha ya zamu iliyopita, hapa, ona kivuli chake kiko wapi. Huyu mtu amekufa. Kwa sheria, kwa vipimo, kwa kila kitu, Mbaluka ni maiti, na mimi sitakubali mtu aniambie jenerali wangu yuko hai."

"Musembi," Nasimiyu alisema.

"Ngoja."

"Musembi. Unajisikia?"

Akajisikia. Alikuwa ameinama katikati ya meza, goti moja juu ya kiti cha watu, jasho puani, tepu mkono mmoja na simu mkono wa pili, akipigania kifo chake mwenyewe. Na sauti ilikuwa ile ile. Hakuna hata neno lililobadilika isipokuwa "hai" na "maiti".

"Kwa hivyo hata kushindwa unataka kushinda," Nasimiyu alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba nywele zimekatika.

Omollo hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Musembi zaidi.

Akabonyeza kitufe cha tepu. Ikarudi ndani kwa kishindo, ikamchapa kidole. Akaitia mfukoni, akateremka kwenye kiti, akaketi.

"Ni zamu ya Lenox," alisema. "Afanye anavyotaka. Akisema haifiki, haifiki."

Lenox akawatazama wote, mmoja mmoja, akiwa na dadu kiganjani.

"Haujali kweli?"

Musembi alifikiria kutoa lile tabasamu la kioo. Likakataa kutoka. "Najali sana," alisema. "Lakini cheza."

Lenox akamtazama mpiga bunduki wake, halafu akamtazama Mbaluka. Labda ni kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsukuma tena, mgongo wake ukanyooka kidogo.

"Inafika," alisema, bila kupima, akarusha.

Dadu ikagonga mlima wa katoni, ikazunguka, na kwa sekunde hiyo moja, Musembi, aliyekuja Kitisuru kufa, alitamani kwa moyo wake wote itoke moja.

Ilitoka sita.

*

Hawakuwa na jeneza. Ilibidi Lenox aende jikoni kwa shangazi, amwage njiti za kiberiti kwenye bakuli, aje na kisanduku. Musembi alikalishwa kiti cha mfiwa. Omollo alimpa pole kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kwa heshima ambayo ilikuwa mzaha na haikuwa mzaha. Nasimiyu akammiminia kikombe cha kwanza cha chai. Musembi hakuwahi kujua kwamba hicho cha kwanza ndicho huwa na moto mzuri.

Lenox akasimama. Mikono haikuwa na pa kwenda, akaishika pamoja nyuma.

"Jenerali Mbaluka," alianza, "alizaliwa ndani ya pakiti."

"Amina," Omollo akajibu.

"Alikuwa mtu wa haki. Hasa yake."

Nasimiyu akafunika mdomo kwa kikombe.

"Mimi ameniua mara nyingi. Lakini nataka kusema kitu." Lenox akakohoa. "Alinifundisha kuficha askari nyuma ya ukuta, kwa sababu kila nilipowaacha nje aliwaua. Watu wengine huniachia. Omollo huniachia, nasema ukweli. Nasimiyu ananihurumia, naona. Huyu hakuwahi kunihurumia hata siku moja. Akija, amekuja. Mimi nilikuwa naogopa Jumamosi, na ndiyo maana nilikuwa nakuja. Mpaka ikawa kucheza hakuna, ni kesi tu, ndiyo nikachoka. Lakini marehemu mwenyewe nilimpenda."

Musembi alikuwa anaangalia chai yake.

"Tutamkumbuka," Lenox aliendelea, sasa amepata moto, mkono mmoja umeachiliwa, "kwa vita vya mto, alipolinda daraja na askari kumi, siku nzima, mvua ikinyesha."

Walikuwa sita. Musembi alikuwa na picha. Halikuwa hata daraja, kilikuwa kivuko, na kivuko kina sheria zake, na mvua haikuweko kwa sababu mvua hupunguza mwendo na siku hiyo hakuna aliyepunguza mwendo. Mdomo ukafunguka. Nasimiyu akageuza shingo taratibu, kama kamera ya benki. Musembi akachukua chapati nzima akaisukuma ndani ya ule mdomo uliofunguka, akatafuna, machozi yakimtoka, na wasiojua wangedhani ni msiba.

Lenox akamlaza Mbaluka kisandukuni na kufunga. Hakikufunga. Jenerali alikuwa mrefu, bendera ikabaki nje na mlingoti wake, kama mtu aliyesahau mkono dirishani.

Omollo, ambaye amani humchosha haraka, akainua jeneza juu. "Sasa limefungwa, mfiwa anaruhusiwa kusema. Wewe ni mtu wa vipimo, Musembi. Jeneza linatosha?"

Wote watatu wakamtazama. Bendera ilikuwa inaning'inia mbele ya pua yake. Tepu ilikuwa mfukoni, nzito kama jiwe la kusagia.

"Linatosha," Musembi alisema.

Nasimiyu akatoa simu, akabonyeza mara mbili tatu. Kitu kikatetemeka mfukoni mwa Musembi, ubavuni mwa tepu. Ameongezwa. Akasoma jina la kundi: *Vita Bila Sentimita*.

"Jina je?" aliuliza.

"Jina linabaki, baba. Uwe ukilisoma kabla ya kuandika."

Jumatatu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia na bonde la gari lake, Musembi alifunga mlango wa ofisi, akatoa kisanduku cha kiberiti kwenye bahasha, akakiweka mezani na kuvuta tepu. Jeneza lilikuwa limepungua milimita nane.

Mpaka leo hajamwambia mtu.